Damu Aliyokataa Kuitoa

Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitumia mtaani. Walimwita Sindano, na hawakukosea, maana alikuwa na sindano mbili: ile iliyopinda aliyoichomeka kwenye kilemba wakati wa kazi, na ile nyingine iliyokuwa mdomoni. Kazi yake ilikuwa kushona makochi. Mteja akileta kochi lililochakaa, Sindano hulipindua miguu juu, akalifumua kitambaa, akachambua sponji iliyosagika, na kabla hata hajauliza rangi ya kitambaa kipya humpasha mwenyewe habari za nyumba yake. "Kwako kuna mtoto anaficha chakula chini ya mto." Au: "Mumeo analala sebuleni, ee? Springi za upande huu zimekufa zote." Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini walirudi, kwa sababu kochi lililopita mikononi mwake lilikaa.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtengeneza mageti na madirisha, kijana mrefu mwenye maneno matamu. Jicho lake la kushoto halikuona vizuri. Ukimwita kutoka upande huo aligeuza kichwa kizima, kama kuku anayekagua punje. Mwenyewe alieleza kwamba cheche ilimruka alipokuwa bado anajifunza kazi, na watu wakamwita Cheche hivyo hivyo, naye akalipenda jina.

Siku moja Cheche alivuka barabara na fremu ya chuma ya kochi begani, akaitua mbele ya kibanda cha Sindano.

"Mimi natengeneza mifupa," alisema, "wewe unaweka nyama. Tukiungana je?"

"Tufungue bucha," Sindano akajibu bila kuinua macho.

Walioana. Wakaishi vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yake Cheche, mjane mkimya aliyekuwa na wanawe wawili tu, Cheche na dada yake mkubwa. Sindano na mama mkwe wake hawakugombana. Sindano alimshonea makochi mapya ya sebuleni, ya kijani, na bibi yule akawa anawakaribisha wageni kwa kuwaonyesha makochi kwanza ndipo awape chai.

Kisha akazaliwa binti. Alianza kusema kabla meno hayajatimia, na kila alichokisikia alikirudia, mpaka baba yake akampachika jina la Kasuku. Bibi yake alimpenda kwa namna ya ajabu kidogo. Kila alipompakata, alikaa naye akiwa ameupa mlango mgongo. Mtu akifungua dirisha, yeye humfunika mtoto uso kwa kanga. "Mwanga unamuumiza," alisema. Sindano aliona ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu, akamshukuru Mungu kwa kupata mkwe wa namna ile.

Alasiri moja Sindano alikuwa akikata kitambaa, na Kasuku ameketi chini ya meza, gizani, akichezea vipande vya sponji. Mtoto akainua uso kuelekea mlangoni. Jicho lake la kulia likang'aa, jeupe lenye umanjano, kama jicho la paka linapopigwa na taa za gari. Sindano aliinama. Mtoto akageuka, jicho likarudi jeusi kama kawaida. Alidhani ni macho yake mwenyewe yamechoka. Lakini kesho yake akaliona tena, na keshokutwa.

"Mama," alimwambia mkwe wake, "jicho la mtoto linang'aa."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Uzuri tu huo. Usimgeuzie kwenye mwanga, litaacha."

Halikuacha. Zahanati waliwapa dawa ya matone. Zahanati ya pili waliwaambia mtoto hana tatizo lolote, mama ndiye mwenye wasiwasi. Jicho likaanza kwenda upande, kengeza, na Cheche akacheka akasema mtoto anamwiga baba yake. Sindano naye alicheka. Baadaye kicheko kile kilimkaa kooni kwa miaka mingi.

Walipofika hospitali kubwa, daktari wa macho, mzee mwenye sauti ya chini, alimlaza mtoto kwa dawa ya usingizi, akamchungulia kwa muda mrefu, kisha akawaita wazazi wote wawili.

"Ni kansa," alisema. "Kansa ya jicho ya watoto wadogo. Ni ugonjwa adimu sana."

"Adimu," Sindano alisema, "halafu ukajua njia ya nyumbani kwangu?"

Jicho la kulia lilitolewa, maana lilikuwa limejaa uvimbe na lingempeleka mtoto kaburini. La kushoto lilikutwa na madoa mawili madogo, yakachomwa kwa mwale wa leza. Likapona, likaona. Kasuku alirudi nyumbani na bandeji, na kwa kuwa alikuwa Kasuku, aliuliza swali moja kutwa nzima: "Jicho langu liko wapi? Mama, jicho langu liko wapi?" Cheche hakustahimili. Alitoka akaenda kuchomelea geti ambalo hakuna aliyeliagiza. Baadaye mtoto alipata jicho la bandia, zuri, ila lilitazama mbele tu hata mwenyewe alipotazama pembeni.

Hapo watu wangedhani yamekwisha. Lakini hospitali ile ilikuwa na daktari mwingine, mwanamke kijana, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta magonjwa yanayotembea katika ukoo, kutoka mzazi hadi mtoto. Alimketisha Sindano kwenye kiti cha plastiki, akasogeza chake karibu.

"Mama, mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe ina maelekezo yake. Kati ya maelekezo hayo kuna jeni moja ambayo ni kama breki. Inaiambia chembe, basi, inatosha, acha kujigawa. Kila mtu ana breki mbili, moja kapewa na baba, moja kapewa na mama. Mtoto akizaliwa na moja mbovu, anategemea ile iliyobaki. Nayo ikikatika ndani ya jicho, uvimbe unaanza."

"Na wangu kazaliwa na breki mbovu?"

"Macho yote mawili yakipatwa, mara nyingi ndivyo ilivyo. Tuitafute kwenye damu. Tukiipata, tutajua nani mwingine katika familia aangaliwe mapema, kabla jicho halijaharibika."

Sindano alitoa damu yake na ya mtoto papo hapo. Majibu yalichelewa, kwa sababu damu ilisafirishwa mbali. Yalipofika, daktari alimwita tena.

"Tumeipata. Ni kosa dogo, kama neno lililokosewa herufi moja. Kasuku analo. Wewe huna."

Sindano alishusha pumzi, kisha akaona aibu kwa kushusha pumzi. "Basi limetoka kwa baba yake."

"Sijasema hivyo. Wakati mwingine kosa linaanza kwa mtoto mwenyewe, hakuna aliyempa. Ndiyo maana nahitaji damu ya baba. Na ningependa kumchungulia macho. Si umesema moja halioni vizuri?"

"Lile liliingiwa na cheche."

"Labda," daktari alisema. "Nikichungulia nitajua. Kama ni yeye, mama, basi kila mtoto atakayemzaa ni kama kurusha sarafu juu. Huyu anapata, yule hapati. Ila anayejulikana mapema, macho yake yanaokoka."

Sindano alirudi nyumbani akiamini amebeba habari njema. Aliwakuta Cheche na mama yake sebuleni, kwenye makochi ya kijani, akaeleza yote, mpaka mfano wa breki. Aliposema "damu yako, baba Kasuku," Cheche aliacha kufuta mikono kwa tambara.

"Mimi nina nini? Mimi mzima kama chuma."

"Hakuna aliyesema mgonjwa. Ni tone la damu tu. Na wakuchungulie jicho."

"Jicho hili ni cheche. Mtaa mzima unajua ni cheche."

Mama mkwe aliweka kikombe chini polepole. "Nyumba hii haijawahi kuwa na kansa," alisema. "Si ya jicho, si ya ukucha. Ugonjwa huu tumeuona ulipoingia wewe."

"Mama, damu yangu imepimwa. Haina."

"Ooh. Siku hizi hospitali ndiyo inayowasafisha watu?"

Usiku ule Cheche ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote. Alisema akiwa amelala, uso ukutani. "Nikikutwa sina, sawa. Na nikikutwa ninayo? Nitamtazama vipi huyu mtoto? Nimwambie baba yako ndiye aliyekutoboa jicho?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli haurudishi jicho."

"Unalinda lililobaki. Na ya wenzake watakaozaliwa."

"Wenzake gani?" alisema Cheche, akavuta shuka.

Kuanzia hapo hakumgusa tena. Hakumpiga, hakumtukana, alimkwepa tu, kama mtu anavyokwepa kioo. Mama mkwe kwa upande wake alipata ulimi ambao hakuwahi kuwa nao. Alisema kwa majirani kwamba walipomwoa Sindano hawakuuliza vizuri, kwamba huko kwao kuna vipofu wanaofichwa vyumba vya nyuma. Maneno yalipozunguka mtaa yakarudi mlangoni mwake, Sindano alichukua cherehani, godoro na mtoto, akahamia chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda chake. Cheche alimsaidia kubeba cherehani mpaka ng'ambo ya barabara. Aliitua, akageuza kichwa kumtafuta Kasuku kwa jicho lake zima, akarudi kwake.

Miaka ikapita. Kasuku akaanza shule, akaketi dawati la mbele, akawa hodari wa kubishana na walimu. Kila baada ya muda Sindano alimpeleka hospitali, alazwe kwa dawa, jicho lililobaki lichunguzwe. Kila mara alikaa kwenye korido akimwomba Mungu kwa maneno yasiyo ya adabu, kisha mlango ulifunguliwa, naye akaambiwa jicho ni safi. Na kila mara daktari wa ukoo alimuuliza, "Baba je?" Naye alijibu, "Baba ni chuma, daktari. Bado hajapata kutu."

Cheche akaoa tena. Alimwoa msusi wa nywele mwenye saluni karibu na stendi, binti mchangamfu mwenye mikono ya haraka. Sindano alipata habari kwa mteja, akasema, "Mungu awape kheri," akaendelea kugonga misumari. Baadaye kidogo akasikia msusi ana mimba. Hapo nyundo iliukosa msumari ikampata kidole.

Alibaki na neno lile moyoni wiki nzima. Tusimpake mafuta: sehemu moja ya moyo wake ilimwambia anyamaze. Iliyomwambia hivyo ilikuwa kubwa. Wamekuita mwenye mkosi, ilisema, waache waonje. Alilala nalo, akaamka nalo. Kisha akamwona Kasuku anavaa viatu vya shule huku akipapasa upande wa kulia kutafuta soksi aliyokuwa ameiweka mwenyewe, akajua hataweza kunyamaza.

Alikwenda mchana. Mama mkwe alikuwa sebuleni na msusi, aliyekuwa amenyoosha miguu iliyovimba. Makochi yalikuwa yale yale ya kijani. Sindano hakukaribishwa, kwa hiyo alisema akiwa amesimama.

"Sikuja kwa shari. Dada, mtoto wako akizaliwa, mpelekeni hospitali kubwa wiki ile ile, macho yake yachunguliwe. Hata kama anaonekana mzima. Na damu yake ipimwe. Ya kwangu haikuwa na kosa, ya Kasuku inalo. Hii kitu huenda inatoka kwa baba."

Msusi alifunika tumbo kwa viganja vyote viwili.

Mama mkwe aliinuka. "Umekuja kutabiri au kuroga? Mwenzio hata hajazaa, wewe unalitaja jicho! Hicho ni kijicho. Kijicho tu! Toka."

"Mama, mimi namwambia mwenzangu—"

"Toka nyumbani kwangu kabla sijaita watu!"

Na watu walikuja, hata bila kuitwa. Kufika jioni mtaa ulikuwa na habari kwamba Sindano amekwenda kumlaani mtoto aliye tumboni. Wateja wakapungua. Mama mmoja alikuja kuchukua kochi lake kabla halijaisha, likiwa limevuliwa kitambaa, akalisukuma kwenye mkokoteni springi zikiwa nje kama utumbo. Cheche naye akavuka barabara, mara ya kwanza tangu siku ya cherehani.

"Usikanyage kwangu tena."

"Sitakanyaga. Nenda katoe damu."

"Unanitakia nini wewe mwanamke?"

"Nakutakia mtoto mwenye macho mawili. Nimekosea?"

Alimtazama kwa jicho lake zima. Akageuka, akaondoka. Daktari wa ukoo alipoambiwa, alimpigia Cheche simu mara kadhaa. Mara ya mwisho simu ilikatwa kabla salamu haijaisha. "Siwezi kumlazimisha mtu atoe damu, mama," daktari alisema. "Sheria hainipi ruhusa, na labda ni vizuri kwamba hainipi. Lakini kuna siku inauma."

Mtoto alizaliwa wa kiume, mnene, mwenye afya. Sindano alimwona kwa mbali mgongoni mwa mama yake. Mtoto akafikisha umri wa kukaa, akafikisha wa kutambaa, na watu wakamcheka Sindano waziwazi: utabiri umegonga mwamba. Yeye mwenyewe alianza kutumaini. Sarafu huwa ina pande mbili, alijiambia, na hii labda imeangukia upande mzuri. Angefurahi kuchekwa mpaka mwisho wa maisha yake.

Siku moja, jua likiwa kali na mtaa umetulia, kivuli kiliziba mlango wa kibanda. Alikuwa msusi, mtoto mgongoni, amefunikwa kichwa.

"Dada," alisema, na sauti haikutoka vizuri. "Naomba umtazame."

Alieleza haraka haraka, kama mtu anayekimbizwa. Alikuwa saluni, anamsuka mteja, na mtoto ameketi sakafuni mbele ya kioo kikubwa chenye taa. Akatupa jicho kwenye kioo, akaona macho ya mwanawe yanarudisha mwanga. Yote mawili. Alipomwambia mama mkwe, alijibiwa kwamba ni uzuri tu, asimgeuzie kwenye mwanga.

Sindano aliweka kazi chini. "Alisemaje? Hebu rudia."

"Kwamba nisimgeuzie kwenye mwanga, litaacha."

Neno kwa neno. Sindano alichomoa sindano kilembani, akafunga kibanda, akamwambia jirani yake, mchonga funguo, amwangalie Kasuku akitoka shule. Wakaenda hospitali wote wawili, mke wa zamani na mke wa sasa, mtoto kati yao akicheka na kuvuta kanga ya kila mmoja kwa zamu.

Walikuwa wamechelewa. Si kuchelewa kwa kifo, maana mtoto aliishi, lakini macho yote mawili yalikuwa yamejaa. Walijaribu dawa kali za kansa, nywele zikamtoka, akatapika mpaka akawa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Jicho la kwanza likatolewa. Wakangoja, wakajaribu tena. La pili likatolewa. Siku ya pili baada ya upasuaji alimpapasa mama yake usoni, akashika pua, akashika sikio, akatulia. Msusi alisubiri mpaka mtoto alipolala ndipo akatoka kwenye korido akapiga yowe ambalo manesi wa wodi nzima walilisikia.

Ndipo Cheche akatoa damu. Hakuombwa tena, alikuja mwenyewe, akakunja mkono wa shati, akageuza uso. Daktari wa macho, yule mzee, akamwekea matone macho yote mawili, akamchungulia la kushoto. Sindano alikuwepo kwa sababu msusi alimshika mkono akakataa kumwachia. Na mama mkwe alikuwepo, pembeni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hili halikuingiwa na cheche," daktari alisema. "Kuna kovu ndani, mahali pa nyuma. Ulikuwa na uvimbe huu huu ulipokuwa mtoto mchanga. Ukajifia wenyewe. Hutokea, ila mara chache sana. Kovu limekaa mahali pa kuonea."

"Lakini niliingiwa na cheche," Cheche alisema. "Nakumbuka kabisa. Niliumia, nikaziba jicho zima, nikaona hili lingine halioni."

"Cheche unaikumbuka kweli. Ila jicho hilo halikuwa likiona tangu zamani. Mtu hajui mpaka azibe lile zuri."

Majibu ya damu yalipokuja baadaye yalisema lile lile. Kosa lilikuwa lake, herufi kwa herufi, kama la Kasuku, kama la mdogo wake Kasuku.

Lakini siku ile ile, kabla majibu hayajaja, daktari wa ukoo aliuliza kwa upole kama katika familia kuna mtoto mwingine aliyewahi kupata tatizo la jicho. Alimuuliza Cheche, lakini Cheche aligeuza kichwa kizima kumtazama mama yake.

Bibi akasema akitazama mkoba.

"Alikuwepo wa kwanza. Kabla yako, kabla ya dada yako. Jicho liling'aa, kisha likatoka nje, kisha akafa. Baba yako alikuwa na ndugu zake, wakasema nimewaletea laana. Walinifukuza na maiti ya mwanangu bado haijazikwa. Baba yako alikuja kunirudisha baada ya muda mrefu, kwa sharti tusilitaje tena. Ulipozaliwa wewe, lako nalo likang'aa. Nilikufunika. Sikukugeuzia kwenye mwanga hata siku moja. Likaacha. Nilidhani ndiyo dawa yake."

Mwanamke yule alikuwa amezeeka ghafla, mabega yamemshuka, na mtu mwingine pengine angemwonea huruma. Sindano mwenyewe alikuja kukiri, siku nyingi baadaye, kwamba alimwelewa. Kumwelewa alimwelewa. Lakini pale hospitalini hakuwa na huruma ya kumpa.

"Waliokufukuza walikuwa hawajui, mama," alisema. "Wewe ulinifukuza unajua. Ulikaa na macho ya wajukuu zako mdomoni, ukayameza."

Bibi alilia. Msusi alisogea mbali naye. Cheche alibaki kwenye kiti, matone bado yamempanua mboni, hana anachokiona.

Tangu hapo Cheche hachomelei tena kama zamani. Huwasha mashine, akakaa nayo. Humjia Kasuku mara kwa mara, akamletea vitu visivyo na maana, bawaba, kufuli, kengele ya baiskeli, na Kasuku, ambaye sasa ni msichana mkubwa, huvipokea kwa adabu. Msusi hakuondoka. Alisema mtoto anaijua sauti ya baba yake, na hatamnyang'anya na hiyo. Bibi anaishi na makochi yake, na wajukuu hawapelekwi kwake.

Na Sindano? Mtu angedhani mtaa ulikuja kumwomba radhi. Haukuja. Watu walisikia kwamba mtoto amekuwa kipofu, wakakumbuka nani alitaja jicho kabla hajazaliwa, basi hesabu yao ikatimia. "Si alisema? Ikawa kama alivyosema." Habari ya jeni, ya breki, ya kovu, haikuwaingia. Mchonga funguo alijaribu kuwaeleza akaishia kuambiwa naye amelishwa kitu. Wateja wake sasa wanatoka mitaa ya mbali, wasiomjua.

Siku moja Kasuku alimuuliza, huku anamshikia kitambaa akate: "Na mimi nikizaa?"

Sindano aliendelea kukata mpaka mwisho wa mstari. "Huenda akapata, huenda asipate. Utampeleka akiwa mchanga, na wewe hutamficha."

"Na nisipotaka kuzaa?"

"Hutazaa. Nani atakulazimisha?"

Kasuku akakikunja kile kipande, akamshikia kingine.

Alikuwa amebaki mtu mmoja: wifi yake, dada yake Cheche, ambaye naye huenda alikuwa amebeba kosa lile lile bila jicho lake kudhurika. Binti yake alikuwa amejifungua. Daktari wa ukoo alimwalika wifi zaidi ya mara moja, hakwenda. Ndipo Sindano na msusi wakaamua kwenda wenyewe, msusi amembeba mwanawe, aliyekuwa mkubwa wa kutembea lakini hapendi kutembea mahali asipopajua.

Waligonga geti. Wifi alifungua dirisha la mbele, si mlango.

"Wifi, tumekuja kwa ajili ya mjukuu wako," Sindano alisema. "Apelekwe tu. Ni kuchunguliwa, basi."

"Nilijua mtakuja."

"Mtazame huyu," msusi alisema, akamgeuza mwanawe aelekee dirishani. "Mimi niliambiwa mapema, sikusikia. Mtazame, wifi."

Wifi hakumtazama. Alitazama barabarani, kuona nani anawaona wamesimama getini kwake. "Nimesikia," alisema. "Sasa nendeni. Mtoto amelala."

Akavuta pazia. Walisubiri kidogo, huenda angebadili moyo. Ndani mtoto mchanga alilia, sauti ya mwanamke ikambembeleza, kisha dirisha nalo likafungwa. Msusi alimpandisha mwanawe mgongoni, Sindano akamsaidia kukaza kanga, wakarudi walikotoka. Kama mtoto yule alikuja kupelekwa hospitali au la, mpaka leo hakuna aliyewaambia.